Kichwa Kisichoacha Kuuma na Mkono Uliolegea: Uvimbe wa Ubongo kwa Watu Wenye Kinga Dhaifu



Kuna ugonjwa mmoja usio wa kila siku, na pengine ndiyo sababu hatuusikii ukizungumzwa katika mikutano yetu. Mtu ambaye mwili wake umepungukiwa na kinga anaanza kuumwa na kichwa. Anameza dawa ya maumivu, kichwa hakiachi. Baada ya siku chache mkono mmoja unalegea, kikombe kinamponyoka. Halafu anaongea maneno yasiyoeleweka, au anaanguka kama mwenye kifafa ilhali hajawahi kuwa na kifafa maishani. Hapo ndipo maneno huanza kijijini. Huyu anasema amerogwa. Yule anasema ni malaria imepanda kichwani. Mwingine anasema ni presha, au ni pombe ya jana.

Mara nyingi mtu huyu ana kidonda chenye uvimbe ndani ya ubongo. Tunaandika habari hizi kwa sababu moja: uvimbe wa namna hii, kwa sehemu kubwa, unatibika, tena kwa dawa ya bei nafuu ambayo wengi wenu mmeiona kwa macho. Lakini siku zinahesabika. Mgonjwa aliyefikishwa hospitali mapema anaweza kurudi shambani kwake. Aliyezungushwa wiki tatu kwa mganga na kwa maduka ya dawa, hata akipona, anaweza kubaki na mguu uliopooza.

Ni kitu gani kinachovimba?

Mkono ukiingiwa na mwiba unavimba, na ngozi inanyooka kuupa uvimbe nafasi. Ubongo hauna nafasi hiyo. Umefungiwa ndani ya fuvu kama ugali ndani ya sufuria iliyofunikwa. Kikitokea kidonda pale ndani na maji yakajaa kandokando yake, kitakachobanwa ni ubongo wenyewe. Ndiyo maana kichwa kinauma usiku na mchana, na mgonjwa anaweza kutapika hata kama tumbo halina shida yoyote.

Dalili nyingine hutegemea mahali uvimbe ulipo. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na wa kulia unaendesha wa kushoto. Uvimbe ukiwa karibu na sehemu ya kuongea, ulimi unakuwa mzito. Ukiwa nyuma, mgonjwa anaona vibaya au anayumba akitembea. Na ukibadilisha tabia yake, jamaa husema amerukwa na akili. Tunajua si wachache ambao wamefungiwa chumbani kama wendawazimu, kumbe shida ilikuwa uvimbe.

Kijidudu kinacholala miaka mingi

Kwa watu wenye virusi vya ukimwi, kisababishi kinachojulikana sana cha vidonda hivi ni kijidudu kiitwacho toksoplasma. Si kigeni Afrika. Mwaka 1908 watafiti wawili, Charles Nicolle na Louis Manceaux, walikikuta Tunis, katika mnyama mdogo wa jamii ya panya anayeitwa gundi. Mwaka huo huo Alfonso Splendore alikikuta kwa sungura huko Brazili. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya upinde, maanake kikitazamwa kwa hadubini kimepinda kama upinde.

Mwenyeji wake hasa ni paka, na jamii yote ya paka hadi simba. Ndani ya utumbo wa paka ndimo kinamozaana na kutoa mayai. Paka aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza hutoa mayai hayo kwenye kinyesi kwa muda wa wiki moja hadi tatu hivi, na baadaye kwa kawaida huacha. Mayai yakishatoka yanahitaji siku moja hadi tano kukomaa kabla ya kuweza kuambukiza. Yakikaa kwenye udongo wenye unyevu yanaweza kuishi mwaka mzima na zaidi. Mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku wa kienyeji wanaochakura uani huyala pamoja na majani na udongo, na kijidudu kinajificha ndani ya nyama yao.

Binadamu hukipata kwa njia hizo mbili: nyama isiyoiva, au uchafu wa udongo ulio kwenye mboga, maji na vidole. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi moja ya watu wote duniani wanacho. Msishtuke! Mtu mwenye afya hahisi kitu, au anahisi homa kidogo na tezi kuvimba, basi imekwisha. Kinga ya mwili inakifungia ndani ya vifuko vidogo sana kwenye misuli na ubongo, na hapo kinalala miaka na miaka. Hakitoki, lakini pia hakisumbui.

Shida inakuja siku mlinzi anapolala na mfungwa akaamka. Virusi vya ukimwi huharibu chembe za kinga zinazopimwa kwa jina la CD4. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 500 na 1,500 hivi katika kipimo kimoja. Zikishuka chini ya 200 hatari inaanza, na wengi wanaougua toksoplasma ya ubongo wanakutwa wako chini ya 100. Vile vifuko vinapasuka, kijidudu kinazaana, na vidonda vinatokea, mara nyingi zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja.

Tuseme wazi pia kwamba si ukimwi pekee unaodhoofisha kinga. Aliyewekewa figo ya mtu mwingine hupewa dawa za kupunguza kinga ili mwili usiikatae figo hiyo. Anayetibiwa saratani, au aliyemeza dawa kama prednisoloni kwa miezi mingi, naye yumo. Kwa hiyo tukisikia fulani ana uvimbe wa ubongo, tusikimbilie kumpima kwa midomo yetu.

Paka na nyama choma

Je, tuwaue paka? Hapana. Paka anatulindia mahindi, na kama tulivyosema, ni kipindi kifupi tu ambacho hutoa mayai. Aliye na kinga dhaifu, na mama mjamzito vilevile, asishike kinyesi cha paka wala mchanga anaopenda kujisaidia. Mwingine afanye kazi hiyo, na afanye kila siku kabla mayai hayajakomaa. (Tumemtaja mama mjamzito kwa sababu akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kijidudu kinaweza kumfikia mtoto tumboni na kumdhuru macho au ubongo.) Ukipalilia bustani, nawa kwa sabuni kabla ya kula. Sukuma wiki ya kupika haina neno, lakini kachumbari na matunda yaoshwe kwa maji safi. Maji ya mto yachemshwe.

Nyama ndiyo ngumu kuzungumzia, hasa kwa wanaume. Ile choma nyekundu katikati, inayotoka damu ukiikata, inaweza kuwa na vifuko vyenye uhai. Iachwe motoni mpaka wekundu uishe ndani. Kukausha nyama juani au kuipaka chumvi kidogo hakutoshi. Maziwa ya mbuzi pia yachemshwe, hata kama wazee wetu waliyanywa vile vile.

Lakini tusidanganyane. Usafi huu unamsaidia hasa yule ambaye hajapata kijidudu bado. Wengi wetu pengine tulikipata tukiwa watoto tukicheza udongoni, na hakuna dawa ya kuking'oa kabisa kutoka kwenye vifuko vyake. Kwa watu hao kinga ya kweli ni kujua hali yao ya HIV, kumeza dawa za ARV bila kukatiza, na kutumia dawa ya kukinga pale daktari anapoiagiza. Tangu ARV zilipoenea ugonjwa huu umepungua sana. Siku hizi tunauona zaidi kwa mtu ambaye hakuwahi kupimwa, au aliyeacha dawa. Na kuacha dawa si kwa ukaidi tu. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada mingi ya nje, kliniki za ARV hapa Kenya zilitikisika na watu wakaingiwa na hofu. Kama kuna mwenzenu aliyekata dawa wakati huo au wakati mwingine wowote, mrudisheni kliniki bila kumgombeza.

Septrin, dawa ya zamani

Dawa ya kukinga tunayoizungumzia ni kotrimoksazoli, ambayo wengi wanaiita Septrin. Mwaka 1999 matokeo ya utafiti uliofanywa Abidjan, Kodivaa, yalionyesha kwamba watu wenye kifua kikuu na virusi vya ukimwi waliopewa dawa hiyo kila siku walipunguza vifo kwa karibu nusu wakilinganishwa na wasiopewa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakashauri itumike Afrika. Inazuia nimonia ya aina fulani, kuhara kwa namna kadhaa, na inazuia toksoplasma isiamke. Nani aimeze na kwa muda gani, hilo huamuliwa kliniki kwa kuangalia CD4 na hali ya mtu. Miongozo imebadilika mara kadhaa, kwa hiyo usijilinganishe na jirani. Ukiona upele mwilini au vidonda mdomoni baada ya kuianza, rudi kliniki mara moja, maana wako watu ambao miili yao haipatani na salfa.

Dawa hiyo hiyo, kwa dozi kubwa, ndiyo inayotibu toksoplasma ya ubongo katika hospitali nyingi za Afrika. Tunasema dozi kubwa ili mtu asije akachukua kopo la Septrin ya kukinga akajitibu nyumbani. Haitatosha, na itapoteza siku. Matibabu huchukua si chini ya wiki sita. Baadaye mgonjwa hupunguziwa dozi, na kwa kawaida huendelea nayo mpaka CD4 zivuke 200 na zikae huko kwa miezi kama sita.

Dawa nyingine inayosifiwa vitabuni ni pirimethamini, inayotolewa pamoja na salfadiazini. Mama wajawazito wa sehemu za ziwa na Pwani wameimeza pirimethamini pasipo kujua jina lake: imo ndani ya zile tembe tatu za kuzuia malaria wanazopewa kliniki. (Mama anayemeza Septrin kila siku asimeze na zile tembe tatu. Zote zina salfa, na zitamzidi. Amkumbushe muuguzi.) Ni dawa iliyotumika tangu miaka ya 1950, lakini mwaka 2015 kampuni ya Marekani iitwayo Turing ilinunua haki ya kuiuza huko kwa jina Daraprim, ikapandisha bei ya tembe moja kutoka dola 13.50 hadi dola 750 kwa mpigo. Dawa ile ile, kiwanda hakikuongeza chochote ndani yake. Tunashukuru kwamba kotrimoksazoli haijashikwa na mtu mmoja namna hiyo.

Hospitalini mambo huwaje?

Daktari atampima mgonjwa HIV kama hajulikani hali yake. Ataangalia CD4, na malaria pia, kwa sababu malaria ipo na mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili. Damu inaweza kuonyesha kama mtu amewahi kuambukizwa toksoplasma. Jibu la "ndiyo" halithibitishi kwamba ndiyo inayomsumbua sasa, kwa vile wengi wanayo. Jibu la "hapana" humfanya daktari atafute kisababishi kingine.

Kipimo kikubwa ni picha ya kichwa kwa mashine ya CT. Mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha picha, na vidonda huonekana vikiwa na duara kama pete. Shida ni kwamba pete hiyo si ya toksoplasma pekee. Kifua kikuu kinaweza kuingia ubongoni na kufanya donge linalofanana nayo sana, na hapa kwetu kifua kikuu hakiko mbali. Limfoma, ambayo ni saratani, nayo hufanana. Kuna kirusi kingine kinachoharibu ubongo polepole bila pete na bila homa, na hicho hakina dawa yake isipokuwa kuinua kinga kwa ARV. Kuna pia ukungu uitwao kriptokoka, unaopatikana kwenye udongo na mavi ya njiwa. Huo kwa kawaida huvimbisha utando wa ubongo, na kichwa chake huuma vibaya mno. Una kipimo chake cha damu na dawa zake.

Basi daktari asiyeweza kutofautisha hufanya jambo ambalo jamaa wengi hawalielewi: anaanza kutibu toksoplasma, halafu anangoja. Wengi wenye toksoplasma huanza kupata nafuu ndani ya wiki mbili. Mkono unapata nguvu, maneno yanarudi. Nafuu isipoonekana, daktari anageukia kifua kikuu au saratani. Kwa hiyo msimtoe mgonjwa wodini siku ya nne mkisema "hawajui wanachofanya, wanabahatisha." Kule kungoja ni sehemu ya kupima.

Mtasikia pia habari ya sindano ya mgongo, ya kutoa maji ya uti. Watu wanaiogopa na kusema inaua. Mara nyingi walioiona "ikiua" ni wale walioletwa wakiwa wamechelewa mno. Palipo na dalili za uvimbe mkubwa, madaktari hutaka picha ya kichwa kwanza kabla ya sindano hiyo, kwa sababu kutoa maji wakati ubongo umebanwa kunaweza kuleta madhara. Mnayo haki ya kuuliza.

Jambo moja zaidi linalowachanganya watu. Mtu ameanza ARV, amepata hamu ya kula, halafu wiki chache baadaye kichwa kinaanza kuuma na uvimbe unatokea. Jirani anasema, "Si nilikwambia dawa hizo ni sumu!" Ukweli ni kwamba kinga iliyokuwa imelala imeamka na kumkuta adui ndani ya nyumba, na vita vyenyewe ndivyo vinavyoleta uvimbe. Hutokea zaidi ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na zaidi kwa aliyeanza dawa akiwa na CD4 za chini sana. Asiache ARV kwa uamuzi wake. Arudi kliniki siku hiyo hiyo. Ni kwa sababu hii pia daktari anaweza kumchelewesha mgonjwa mwenye kifua kikuu cha ubongo au kriptokoka wiki kadhaa kabla ya kumwanzishia ARV. Si kumnyima.

Akianguka, na safari ya kwenda hospitali

Mgonjwa akianguka na kutetemeka, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vinavyoweza kumuumiza, legezeni nguo shingoni. Msimtie kijiko mdomoni, msimshike kwa nguvu, msimpe maji. Angalieni saa. Kutetemeka kukipita dakika tano, au kukirudi kabla hajazinduka, ni hatari kubwa, tafuteni gari. Na tunasema gari. Mtu aliyelegea upande mmoja hawezi kujishika kwenye boda boda, na akianguka barabarani mtakuwa na majeraha mawili.

Vikundi vingi vina mfuko wa matanga. Ni vizuri, lakini fikirieni kutenga sehemu yake kwa ajili ya nauli na picha ya kichwa wakati mtu bado yu hai. Hakikisheni pia kwamba wanachama wamejiandikisha na SHA na kulipa, kwa maana NHIF ilikwisha Oktoba 2024 na kadi yake ya zamani haitawasaidia mlangoni.

Kuna jambo gumu zaidi, nalo ni siri. Mgonjwa amechanganyikiwa, hawezi kujieleza, na jamaa aliyekuja naye hajui kwamba anameza ARV, au anajua na anaona haya kusema mbele ya watu. Daktari anaanza kutibu kiharusi, ilhali kijana wa miaka thelathini asiye na presha haelekei kupata kiharusi hivi hivi. Siku mbili tatu zinapotea. Sheria ya HIV na Ukimwi ya mwaka 2006 inalinda siri ya mgonjwa, na daktari hatatangaza. Tungependa kila mwanachama achague mtu mmoja anayemwamini, mke, dada, rafiki au mhudumu wa afya wa kijiji, amwambie ukweli wote akiwa bado mzima, na amwonyeshe kadi ya kliniki inakaa wapi ndani ya nyumba. Wengine wasiulize ni nani amechagua nani.

Mtu huyo ndiye aende na mgonjwa, na amwombe daktari wazungumze kando. Amweleze kichwa kilianza kuuma lini, ni mkono upi uliotangulia kulegea, ameanguka mara ngapi, anameza dawa gani, aliacha lini kama aliacha, na kama amewahi kutibiwa kifua kikuu. Aende na vikopo vyenyewe vya dawa, pamoja na dawa za mitishamba kama zipo, bila kuona haya.